Mzinga Juu ya Lori

Simu ya msiba ilinikuta nikigombana na mwanangu. Alikuwa ameng'oa injini ya pikapu yake na kuweka nyingine kubwa zaidi, ya gari la aina tofauti kabisa, na sasa alikuwa amekwama kwenye kompyuta. Aliniwekea mezani visanduku viwili, kimoja kilichokuja na injini kutoka ng'ambo, kingine alichouziwa na kijana aliyemwambia kinakubali kufundishwa, akataka nimwambie kipi kifungwe. Hapo bado nilikuwa na subira. Kisha akasema atatupa boksi la filta na kuvuta hewa kutoka juu ya paa, kwa bomba refu atakaloliunda mwenyewe, ili injini ipumue vizuri. Nikamfokea mbele ya wateja wake. Mwanamume wa miaka arobaini, ana watoto, nikamwambia akilifunga bomba hilo asiniite mama tena. Akaniangalia kama anayemwona mzazi wake ameanza kurukwa na akili. Hapo simu ikalia, mjukuu wa Fundi Mrisho: Babu ametutoka alfajiri, tunazika baada ya adhuhuri. Nikakaa juu ya tairi. Sipendi kusema uongo katika kitabu ninachokiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo nasema: jambo la kwanza nililolihisi, kabla ya huzuni, lilikuwa nafuu. Nilidhani mtu wa mwisho aliyeijua siri yangu ameondoka nayo.

Nilifika Tabora siku ya pili, amekwisha kuzikwa. Nyumba yake ya Mtendeni ni ileile, ya vyumba sita na ukumbi katikati, ila mabati yamebadilishwa. Wanawake walikuwa wamekaa uani juu ya mikeka, wanaume barazani chini ya turubai. Mwajuma, binti yake, alikuwa ukutani, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nikamwinamia, nikamwambia pole, akasema imeshapoa, nikakaa kando yake. Tumekutana hivyo kwa karibu miaka hamsini, mimi na Mwajuma, kwenye harusi na misiba, tukaulizana habari za watoto na miguu inavyouma. Hatujawahi kuzungumza. Watu wengine wangeona tunazungumza, lakini mimi najua, na siku ile nilijua kwamba na yeye anajua.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kambini kujenga taifa, na huko, badala ya kufundishwa kushona kama wenzangu, nilifundishwa injini kwa sababu siku ya kugawana kazi nilisimama kwenye mstari usio wangu na nikakataa kutoka. Nilipoingia karakana ya Tabora na cheti changu mkononi, mafundi walidhani nimeleta chai. Fundi Mrisho ndiye aliyekuwa mkuu pale, mtu mfupi, kofia ya kufuma kichwani hata akiwa uvunguni, Mnyamwezi wa mjini ambaye babu yake alikwenda pwani na kurudi na mizigo ya watu kichwani, naye akipenda kusema ukoo wao haujawahi kuangusha mzigo njiani. Akanitazama, akasema, "Binti, hiyo ni spana, siyo mwiko." Nikamjibu, "Shikamoo. Naona mmeishika kama mwiko ndiyo maana nati zote zimeviringika." Akacheka mpaka akaivua kofia. Tangu siku hiyo akaniita Mama Spana, na hakuna aliyethubutu kuniuliza tena nimefuata nini.

Mwajuma alikuwa ameolewa na Mihayo, mrina asali, upande wa Usoke, ndani kabisa ya pori la miyombo. Waliishi kwao, na kisima chao kando ya mbuga, maji ya kutosha mwaka mzima. Ilipotangazwa kuhama, Mihayo alikataa. Fundi alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu anayesikilizwa, akaombwa akazungumze na mkwewe, naye akaenda. Aliniambia mwenyewe alivyosema: shule inakuja, zahanati inakuja, bomba linakuja. Aliyaamini yote matatu. Mihayo akabomoa nyumba, akabeba mlango na miti ya paa, akahamia na mkewe na mtoto wao mmoja kwenye kijiji kipya, mahali palipopimwa kwa kamba juu ya ardhi nyekundu. Bomba halikuja. Kisima kilichimbwa mara mbili na mara zote mbili wakakuta mwamba. Kijiji kizima kikawa kinakunywa kutoka kwenye lori moja lenye injini ya petroli, lililokwenda na mapipa kwenye bwawa la reli Usoke na kurudi, kila siku. Mwisho wa kiangazi lori lile likapasua bloku ya injini. Lilikuwa limekula vumbi tangu liliponunuliwa, ringi zimekwisha, likichemka hovyo, na siku moja likachemka mara ya mwisho palepale kijijini, likaacha dimbwi la mafuta ambalo kuku walilikwepa.

Injini nyingine ya namna ile haikuwapo Tabora, wala Dar es Salaam, wala popote tulipopiga simu. Fundi akasema twende Urambo. Kule kulikuwa na makaburi ya mashine, zimeachwa na Wazungu waliokuja kulima karanga kabla sijazaliwa, nyasi zimeota mpaka kwenye viti vyake. Tukazunguka siku mbili. Tulipata injini mbili ambazo zingeweza kuzunguka: moja ya trekta, ya dizeli, nzito, na moja ya pampu, ya petroli, silinda nne, imekaa ndani ya banda na kwa hiyo imeliwa na kutu nje tu. Mimi nilitaka ya dizeli kwa sababu ya nguvu. Fundi akapima kwa kamba, akatikisa kichwa. "Chesisi itaibeba leo, itaniangusha kesho. Ya pampu ni mnyonge, lakini inaingia." Hapo alikuwa sahihi, na ndiyo sababu mara ya pili tulipobishana nilijiambia lazima nishinde mimi.

Tuliifunga kijijini, kwa kuwa lori halikuweza kuvutwa mpaka mjini. Tulisimamisha miti mitatu, tukafunga mnyororo wa kunyanyulia, tukaishi kwa Mwajuma. Nyumba yao ilikuwa nusu. Chumba kimoja kilikuwa na paa, na humo tulilala mimi, Mwajuma na mtoto. Fundi na Mihayo walilala kwenye chumba kisicho na paa, chini ya turubai la lori. Mlango ulikuwa ule wa nyumba ya zamani, mrefu kuliko tundu lake, ukabaki umeegemezwa. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, tukitafuna polepole. Jioni ugali wa mtama na mlenda, na mlenda ule haukuwa na mchuzi wa kusema. Maji Mwajuma aliyapima kwa kopo la maziwa. Kopo moja la mgeni, kopo moja la baba, nusu kopo la mume, la mtoto kopo zima, na la kwake sikuwahi kuliona. Watu walikuwa wanakwenda kwa miguu kutwa nzima kutafuta ndoo moja. Mtoto alikuwa Tatu, wa miaka minne, mwenye kitovu kikubwa na maswali mengi kuliko mkaguzi wa serikali. Babu yake akiniita Mama Spana, yeye akaamua mimi ni shangazi. "Shangazi Spana, hii inakula nini? Shangazi Spana, hii inalala?" Nilimpa boliti azihesabu kusudi anyamaze, akawa anazihesabu kwa sauti. Sikuwa mpole kwake. Nilikuwa na haraka.

Alfajiri moja, kabla sijafungua macho, nilimsikia Mihayo ukumbini akizungumza na mkewe. Alizungumza Kinyamwezi, akidhani labda mimi wa mjini sitaelewa. Alisema, "Baba yako alituambia bomba linakuja. Mimi nilikuwa na kisima." Mwajuma akasema, "Baba atatengeneza gari." Mihayo akasema, "Gari ni kisima?" Kisha akachukua shoka na kifuko chake akaenda kwenye kambi yake ya asali, safari ya siku mbili ndani ya pori, maana msimu wa maua ulikuwa unaanza na hicho ndicho chakula chao. Nilipotoka nje nilimkuta Fundi ameshaamka, amekaa juu ya mapipa matupu. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka." Hakuitikia. Turubai halizuii maneno, na chumba chake kilipakana na ukumbi. Sijawahi kumwona mtu mzima ameshikilia spana kwa mikono miwili namna ile, kama anayeomba.

Mwanangu akinionyesha visanduku vyake vya kompyuta, husema ndio ubongo wa injini. Kwetu sisi ubongo ulikuwa distributa, inayogawa moto kwa plagi, na hapo Fundi alinifundisha jambo ambalo nimewafundisha watu wengi baadaye. Injini ya pampu ilikuja na distributa yake na gavana yake, kile kifaa kinachoshikilia mwendo, vyote vizima. Mimi nikasema tuviache, ng'ombe mzima mnunue na kamba yake. Akasema, "Huyu alizoea kusimama mahali pamoja. Amezunguka mwendo mmoja maisha yake yote. Ukimpandisha mlima na mapipa kumi, hatajua lini awashe moto." Tukaing'oa distributa ya injini iliyokufa, ambayo ilijua kupanda na kushuka, tukaifunga kwenye ya pampu. Mguu wake ulizidi kwa upana wa ukucha. Fundi aliupiga tupa siku nzima, akipima, akipiga, akipima, vumbi la chuma limemjaa nywele za mikononi. Gavana tukaitupa. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, nayo tukachukua ya lori, kubwa zaidi, tukaikalisha juu ya bamba tulilolitoboa kwa mkono, gasketi tukakata kutoka kwenye boksi la sabuni lililolowekwa mafuta. Ilipowaka mara ya kwanza, kijiji kizima kilikuja kusimama, na bibi mmoja akapiga vigelegele. Iliwaka kama mtu aliyeamshwa kwa ngumi, lakini iliwaka.

Ikabaki hewa. Kwenye injini ile mpya mdomo wa kabureta ulitazama chini, upande wa gurudumu la mbele, kule kule vumbi linakopanda. Kichujio cha pampu kilikuwa kimeoza, cha lori hakikuingia. Na vumbi la barabara ile mtu asiyelijua hawezi kuelezwa, laini kama unga wa muhogo, linapita hata kwenye mdomo uliofumbwa. Fundi akataka bomba fupi, livute hewa kutoka ndani ya kibanda cha dereva, chini ya miguu, limefungwa kitambaa tutakachokung'uta kila safari. "Litapiga kelele na litanuka," akasema, "lakini nitakuwa naliona." Mimi nikasema hapana. Kambini nilionyeshwa picha ya magari ya jangwani yanayovuta hewa juu ya paa, mahali ambapo vumbi halifiki. Nikasema nikipata chombo cha mviringo, chepesi, nikijaze katani iliyochovywa mafuta, nikifunge juu ya kibanda, nikishushe bomba la bati mpaka kwenye kabureta, lori hili litaishi miaka kumi. Fundi akauliza chombo chenyewe kiko wapi. Nikazunguka nyumba ya Mwajuma kama mwizi. Juu ya miti ya dari nikaona mzinga wa gome, mwepesi, mviringo, kipimo kilekile nilichokitaka. Mwajuma akapanda mwenyewe akaniteremshia. Ndani ulikuwa na ukoko wa nta, nikaukwangua, nikaona nta nayo ni mali, nikaiyeyusha na kuzibia viungo vya bomba. Nilimuuliza, hilo nalikumbuka vizuri: "Nyuki hawatarudi humu?" Akasema, "Nyuki gani, dada, na moshi wote huo wa petroli? Funga tupate maji."

Fundi alipouona mzinga juu ya paa, umefungwa waya, tundu lake limeelekea nyuma, alilizunguka lori mara mbili. Angeweza kukataa, yeye ndiye mkuu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na tabasamu langu, na wanakijiji wanasifu, na Tatu anaruka akisema gari limevaa kofia kama ya babu. Akasema, "Haya, Mama Spana. Mzigo wako." Nilifurahi mno.

Siku kumi na moja lori lilikwenda na kurudi. Niliendesha mimi, Fundi pembeni. Nilikuwa nikifungua mdomo wa kabureta kila jioni na kupitisha kidole, na kidole kinatoka safi, nami namwonyesha Fundi kidole changu kama mtoto. Mwajuma alifua nguo. Alimwogesha Tatu kwenye beseni nje, mbele ya watu, na mtoto akapiga kelele za furaha mpaka mbwa wakabweka. Siku ya kumi na mbili, tukienda Usoke na mapipa matupu, adhuhuri ilitukuta katikati ya pori. Miyombo ilikuwa imetoa maua. Fundi akaniomba nisimamishe aswali. Mapipa yalikuwa makavu, kwa hiyo akapiga mikono juu ya udongo, akapaka uso, akapaka mikono, akatayamamu, akatandika gunia. Mimi nilijilaza kivulini upande wa pili wa barabara. Nilisikia mvumo. Nilidhani ni usingizi.

Tuliporudi kwenye lori, nikawasha. Injini ikavuta mara moja, ikakohoa, ikavuta tena, na hapo juu ya paa kukachafuka. Kundi zima lilikuwa limehamia kwenye mzinga wangu, wamenusa nta ya wenzao, wameona nyumba iliyoandaliwa. Sasa injini ilikuwa inawanyonya. Badala ya kuzima, mimi nilikanyaga mafuta, nikifikiri nitawapita. Nikafyonza nyuki, katani na nta vyote pamoja mpaka ndani ya silinda. Kulisikika mlio wa valvu ikigonga pistoni, mlio ambao fundi yeyote akiusikia anasimama wima hata akiwa usingizini, kisha kimya, kisha wao. Tulikimbia. Fundi alirudi kunivuta nilipoanguka, ndiyo maana yeye aliumwa zaidi. Macho yalivimba yakafumba, na nilimwongoza kwa mkono mpaka stesheni ya Usoke.

Siku nne. Tulipeleka habari wilayani, gari lao lilikuwa safarini na halikuwa na mafuta ya kurudi. Tulirudi pale lilipo lori, tukiwa na moshi, tukawatoa nyuki, tukafungua kichwa cha injini palepale barabarani, tukanyoosha valvu kwa nyundo juu ya jiwe. Fundi alikuwa akifanya kazi kwa jicho moja. Kila aliyepita kutoka kijijini tulimuuliza, na kila aliyepita alisema wanakwenda kuchimba mbugani, kwenye dimbwi la ng'ombe. Siku ya tatu mmoja akasema watoto wanaharisha. Siku ya nne, kabla injini haijawaka, akaja mwanamume na baiskeli. Alimwamkia Fundi, "Shikamoo, mzee," na jinsi alivyoshuka kwenye baiskeli kabla ya kusema lolote jingine, mimi nilijua.

Tulifika kijijini na baiskeli ile ile, tukipokezana, lori tumeliacha. Tatu alikuwa amelazwa chumba chenye paa, juu ya kitanda cha kamba. Hakukuwa na maji ya kumwosha. Yaliyokuwamo ndani ya nyumba yalikuwa ni yale yale ya dimbwi, mekundu, na Mwajuma akasema, "Hayamgusi mwanangu." Bibi mmoja mjuzi wa mambo hayo akasema basi tutamtayamamisha. Nilikuwa ndani, mwanamke mwenzao, sikuwa na udhuru wa kutoka. Bibi akapiga mikono juu ya udongo safi uliochotwa chini ya ukuta, akampaka mtoto usoni, kisha mikononi, polepole, akisoma. Vumbi lile lile. Nililojivunia kulizuia lisiingie kwenye kabureta. Nilitaka kupiga ukelele, nikauma kanga yangu. Mwajuma alikuwa amemshika mtoto miguu na hakumtazama mtu yeyote.

Baada ya mazishi viongozi waliitisha mkutano. Waliuliza nani aliyeamuru mzinga uwekwe juu ya gari la serikali. Nilifungua mdomo. Fundi akasimama mbele yangu, jicho moja bado limefumba, akasema, "Ni mimi. Niliona nina akili." Walimsema vibaya sana, mbele ya mkwewe aliyekuwa amerudi kutoka porini siku hiyo hiyo. Wakamshusha ukuu wa karakana. Mihayo alikwenda kuutazama mlango ulioegemezwa, akaunyanyua, akauweka tena, na wiki ile akarudi porini moja kwa moja. Njiani kwenda Tabora nilimwambia Fundi nitakwenda kusema kweli. Alinijibu kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. "Utasema halafu? Tatu ataamka? Wakijua ni wewe, hakuna mtoto wa kike atakayegusa injini Tabora hii mpaka tuwe mavumbi. Mzinga ni wangu. Na Mwajuma usimwambie kwamba mimi sikuutaka. Ana mzigo wake, usimwongezee." Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilitaka kazi yangu. Nilinyamaza nikawa fundi, nikawa mkuu wa karakana, nikafundisha wasichana, nikapigiwa makofi. Yeye alilipunguza jambo lile kwa njia yake: miaka ilipopita akawa analisimulia barazani kwenye kahawa kama kichekesho, fundi mjinga aliyefuga nyuki juu ya lori, bila kumtaja mtoto. Mtendeni nzima ililijua. Walimcheka, naye akacheka nao, na mimi nikisikia wanavyocheka nilikuwa natoka nje.

Sasa msibani, siku ya hitima, baada ya wali kuliwa, akaja Mzee Chibago. Ni Mgogo, mstaafu wa reli, mtani wa marehemu, na mtani msibani hana adabu wala haombwi ruhusa. Alikuwa amevaa koti la Fundi la karakana, ndoo kichwani, akiingia mpaka uani kwa wanawake akichechemea kama Fundi alivyochechemea uzeeni. "Jamani, nimefika ahera, nimekuta gari la malaika limekufa! Nikawaambia msihofu, leteni mzinga!" Akavuma kama nyuki, akajipiga makofi shingoni. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana, na ndivyo inavyotakiwa, machozi yapate njia nyingine. Nikamtazama Mwajuma. Hakuwa akicheka. Nikasimama. Miguu yangu siku hizi husimama kwa awamu, kwa hiyo wote walikuwa wameshanitazama nilipomaliza. Nikasema, "Mzinga ule haukuwa wa Mrisho. Ulikuwa wangu. Niliufunga mimi, yeye hakuutaka." Chibago akashusha ndoo. Sikuwa na maneno mengine, niliyokuwa nimeyaandaa miaka yote yalikuwa yamekwisha kwa sentensi tatu.

Nikasikia kanga yangu inavutwa. "Kaa chini, Kalunde," akasema Mwajuma. Nikakaa. Akasema kwa sauti ya chini, akitazama mkeka, "Mimi ni mke wa mrina asali. Mzinga ulioonja nyuki hauachwi wazi msimu wa maua. Hata Tatu alilijua hilo. Uliniuliza. Nikakwambia nyuki gani. Nilitaka maji." Akaukunja ukingo wa mkeka. "Nilimwambia baba siku ile ile tuliyomzika Tatu. Nikamwambia nakwenda kukwambia na wewe, ujue haikuwa kosa lako. Akanikataza. Akasema, Kalunde usimwambie. Ana mzigo wake, usimwongezee."

Nilimkasirikia yule mzee, Mungu anisamehe, hata udongo wake haujakauka. Alitubeba wote wawili, mmoja kila bega, na kwa ajili hiyo hatukuweza kuonana. Ukoo wake haukuangusha mzigo njiani. Nilitaka kumwambia Mwajuma hivyo, nikashindwa. Wanawake walikuwa wameanza kuzungumza mambo mengine, kwa heshima, wakikusanya sinia. Chibago alikuwa ameketi mlangoni na ndoo kati ya magoti, koti la Fundi limemzidi, analia kama watu wengine.

Mwajuma akaniuliza, "Alikuwa akikuitaje?"

Nilijua anamsema nani. Sikuwa nimelitamka jina lile kwa mtu yeyote tangu mwaka ule. Nikasema, "Shangazi Spana."

"Shangazi Spana," akasema Mwajuma, akaniwekea mkono gotini. "Alizihesabu boliti zako mpaka siku ya mwisho. Zilikuwa kumi na saba. Ninazo ndani."